Vinara wa Ute: Rekodi za Ukuta wa Tumbo na Karafuu ya Pemba

Mwaka 2010 watafiti wa Ufaransa walichapisha orodha ya vyakula 100 vyenye polifenoli nyingi kuliko vyote. Iliyoshika namba moja haikuwa chai, wala kakao, wala zabibu. Ilikuwa karafuu: miligramu 15,188 katika kila gramu 100. Mnanaa mkavu uliofuata ulipata 11,960, na unga wa kakao, unaosifiwa kila siku, haukufika hata robo ya karafuu.

Nyingi ya polifenoli hizo ni kemikali moja tu, eujenoli. Ndiyo inayoufanya ulimi ufe ganzi ukitafuna karafuu, ndiyo inayotuliza jino linalouma, na ndiyo inayojaa hewani Pemba nzima wakati wa msimu, karafuu zinapoanikwa juani kuanzia Mkoani hadi Konde. Pale Wawi, Chake Chake, kiwanda cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar hukamua mafuta kutokana na makonyo, yaani vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli. Ukuu wa Pemba katika zao hili ulikuja kwa msiba wa wengine. Kimbunga cha mwaka 1872 kiling'oa mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo kisiwa hiki kidogo ndicho kinachotoa karafuu nyingi zaidi Zanzibar.

Wengi wetu tunaijua karafuu ya pilau, ya chai na ya jino. Ni wachache wanaojua kwamba kemikali yake imo katika kurasa za mwanzo za elimu inayoeleza jinsi tumbo linavyojikinga lisijile lenyewe. Kwa maoni yangu hilo ni jambo la kujivunia, na pia ni jambo la kuchukuliwa kwa hadhari, kwa sababu rekodi iliyowekwa na eujenoli tumboni ina pande mbili. Lakini ili tuifikie, inabidi kwanza tulijue tumbo lenyewe.

Tofauti kali kuliko zote mwilini

Katika ukuta wa tumbo kuna seli ambazo kazi yake ni kutengeneza asidi. Zina pampu inayokusanya ioni za haidrojeni na kuzisukuma nje, hadi zikawa nyingi zaidi ya mara milioni moja kuliko katika damu inayopita jirani. Hakuna tofauti nyingine ya ioni mwilini inayokaribia hiyo. Asidi hiyo hufanya kazi pamoja na pepsini, kimeng'enya alichokigundua Theodor Schwann mwaka 1836, na wawili hao humaliza pweza mgumu kwa saa chache.

Pweza ni nyama. Tumbo nalo ni nyama. Kwa nini basi moja limeng'enywe na jingine libaki salama?

Jibu ni ute. Ute huo haufiki unene wa milimita 1, na karibu asilimia 95 yake ni maji. Kinachoyashika maji hayo yasitiririke ni protini iitwayo musini. Kubwa kuliko zote katika ute wa tumbo ni ile ambayo wanasayansi wameipa jina la MUC5AC. Ina asidi amino zaidi ya 5,600 katika mnyororo mmoja. Insulini, homoni ya sukari, ina 51 tu. Tena huo ni mwanzo, kwani juu ya mnyororo huo hupandikizwa matawi ya sukari kwa maelfu, mpaka sukari yenyewe ikawa nzito kuliko protini iliyoibeba. Kisha minyororo hushikana kwa viungo vya salfa na kufanya wavu mkubwa unaonyonya maji na kuvimba.

Sukari hizo ndizo zinazoinyima pepsini nafasi ya kung'ata, kwa sababu haioni protini tupu ya kuikata. Chini ya wavu, seli za juu ya ukuta hutoa baikaboneti, chumvi inayoua asidi, nayo hunaswa humo humo katika ute. Matokeo yake ni kwamba upande wa chakula kuna asidi kali ya pH 1 au 2, na upande wa seli, chini ya milimita moja kutoka hapo, hali inakaribia pH 7, yaani ile ya maji safi.

Pembeni ya jitu hilo yupo mdogo wake, TFF1. Protini hii ina asidi amino 60 tu, na kwa udogo wake mtu angedhani haina kazi. Mwaka 1996 watafiti wa Ufaransa walitangaza kwamba walikuwa wamewaondolea panya jeni la TFF1. Panya wote walipata uvimbe katika sehemu ya chini ya tumbo, na kwa baadhi yao uligeuka saratani. Inapotajwa protini yenye faida kubwa kwa ukubwa mdogo, kura yangu inakwenda kwa hiyo.

Kemikali iliyouita ute kuliko zote za zama zake

Sasa turudi kwenye karafuu, maana hapa ndipo penye utamu.

Miaka ya 1940, katika Hospitali ya Mount Sinai mjini New York, mtafiti Franklin Hollander alikuwa na shida moja. Alitaka kuuchunguza ute wa tumbo peke yake, lakini tumbo likiamshwa hutoa asidi, pepsini na ute vyote pamoja, na ute ukichanganyika na asidi haupimiki vizuri. Alihitaji kitu kitakachoita ute bila kuita asidi. Alichokipata ni eujenoli. Alipoiweka katika vifuko vya tumbo vya mbwa waliofanyiwa upasuaji kwa ajili hiyo, ute mzito ulibubujika. Katika maandishi yake eujenoli ikapewa cheo cha kichochezi cha ute.

Hollander hakuishia kwenye furaha hiyo. Mwaka 1949, pamoja na mwenzake, alichapisha uchunguzi wa hadubini kuhusu yanayozipata seli zenyewe baada ya eujenoli kupita. Waliona uharibifu. Seli za juu zilibanduka, na ukuta ukabaki umechubuka. Halafu waliona jambo la pili, ambalo ndilo lililomjengea jina: ukuta ule ulijijenga upya, seli mpya zikatambaa na kufunika mahali palipobanduka. Mwaka 1950 ikatoka ripoti nyingine iliyoshughulikia sumu ya eujenoli kwa mbwa walionyweshwa kwa mpira hadi tumboni.

Kutokana na kazi hizo, mwaka 1954 Hollander alieleza nadharia yake ya kizuizi chenye sehemu mbili. Ya kwanza ni ute. Ya pili ni safu ya seli zinazoutengeneza ute huo, ambazo zikifa hurudishiwa mpya haraka kuliko seli nyingi za mwili. Leo tunajua kwamba mchubuko mdogo tumboni unaweza kuanza kufunikwa ndani ya dakika chache, na kwamba safu nzima ya juu hujibadilisha kila baada ya siku chache. Msingi wa fikra hiyo uliwekwa kwa kutumia kemikali ya karafuu, na katika miaka hiyo muuzaji mkubwa kuliko wote wa karafuu duniani alikuwa Zanzibar, mashamba yake mengi yakiwa Pemba.

Zaidi ya nusu karne ilipita kabla watafiti wa Brazil hawajairudia hoja hii kwa vipimo vya kisasa. Mwaka 2011 walitoa matokeo ya panya waliopewa mafuta ya karafuu au eujenoli, kisha wakapewa vitu vinavyochoma tumbo, yaani alkoholi na dawa ya maumivu iitwayo indomethasini. Vidonda vilipungua. Asidi haikupungua, bali ute ndio ulioongezeka. Yaani eujenoli haikumdhoofisha adui, ilinenepesha ukuta.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asikimbilie chupa. Panya wa Brazil na mbwa wa New York wanasimulia kisa kimoja kilichoanzia ncha mbili. Kidogo cha eujenoli huamsha ute, na kikizidi hubandua seli. Karafuu mbili tatu katika chai zina eujenoli kidogo iliyotawanyika katika maji mengi. Mafuta yaliyokamuliwa ni eujenoli karibu tupu. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza waliripoti habari ya mtoto wa miaka 2 aliyekunywa kati ya mililita 5 na 10 za mafuta ya karafuu. Alipoteza fahamu, ini likaumia, damu ikashindwa kuganda, na aliponea chupuchupu. Kijiko kimoja cha chai ni mililita 5. Katika nyumba za Pemba mafuta haya ni kitu cha kawaida, na ninaandika hivi nikiwafikiria watoto wanaotambaa humo.

Mharibifu aliyesambaa kuliko wote

Rekodi ya ubaya ni ya aspirini na jamaa zake. Felix Hoffmann aliitengeneza aspirini safi mwaka 1897 nchini Ujerumani, na kwa miongo minne watu waliimeza bila kuona inachokifanya huko chini. Mwaka 1938 madaktari wawili wa London, Douthwaite na Lintott, waliingiza darubini tumboni kwa wagonjwa waliomeza aspirini. Walikuta wekundu na michubuko pale kidonge kilipogusa.

Sababu ilingoja hadi mwaka 1971. John Vane, naye akiwa London, alionyesha kwamba aspirini huzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Kemikali hizo huleta maumivu, homa na uvimbe, kwa hiyo kuzizuia ni nafuu. Lakini tumboni prostaglandini hizo hizo ndizo zinazoziamuru seli zitoe ute na baikaboneti, na ndizo zinazoufanya ukuta upate damu ya kutosha. Kimeng'enya kinachozitengeneza huko kinaitwa COX-1. Aspirini hubandika kipande chake ndani ya njia ya kimeng'enya hicho, na kuanzia hapo hakifanyi kazi tena mpaka seli itengeneze kingine. Vane alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1982 pamoja na Wasweden wawili, Sune Bergström na Bengt Samuelsson.

Jambo moja halifahamiki vya kutosha mitaani. Diklofenaki na ibuprofeni nazo huzuia COX-1, na zinafanya hivyo kupitia damu. Mtu anayekwepa kidonge ili apigwe sindano ya diklofenaki, akidhani amelinusuru tumbo, hajalinusuru. Prostaglandini zitapungua vilevile.

Jaribio la kutisha kuliko yote

Likiwa limethibitika kwamba prostaglandini zikiondoka ukuta huanguka, André Robert wa kampuni ya Upjohn huko Michigan, Marekani, aliuliza kinyume chake: zikiongezwa je? Mwaka 1979 alitoa majibu yaliyowashangaza wenzake. Aliwapa panya prostaglandini kidogo, kisha akawamwagia tumboni alkoholi isiyochanganywa na maji, asidi kali, magadi makali, chumvi nzito, hata maji yanayochemka. Panya ambao hawakupewa kinga waliungua vibaya. Waliokingwa walibaki na tumbo lisilo na majeraha makubwa, ingawa asidi yao haikupunguzwa.

Baadaye Robert aliona jambo linaloigusa karafuu moja kwa moja. Ukilipa tumbo kichokozi hafifu kwanza, kwa mfano alkoholi iliyozimuliwa, tumbo lenyewe hutengeneza prostaglandini za ziada, na kichokozi kikali kikija baadaye hakikuti ukuta umelala. Nikiisoma tena kazi ya Hollander kwa mwanga huu, ninaona kwamba eujenoli kidogo huenda ilikuwa ikifanya kitu cha jinsi hiyo: uchokozi mdogo unaoamsha ulinzi mkubwa.

Katika mkondo wa fikra hiyo ipo misoprostoli, prostaglandini ya kutengenezwa, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1988 kwa ajili ya wagonjwa wanaolazimika kutumia dawa za maumivu. Huku kwetu inajulikana zaidi kwa wakunga kuliko kwa wagonjwa wa tumbo, kwa kuwa hukaza mfuko wa uzazi na kuzuia mama asitokwe na damu nyingi baada ya kujifungua. Ni kwa sababu hiyo hiyo kwamba mjamzito hapaswi kuimeza kwa ajili ya vidonda vya tumbo.

Kiungo kinachosingiziwa kuliko vyote

Mgonjwa wa vidonda vya tumbo akifika kwa jirani, ushauri wa kwanza ni aache pilipili. Mwaka 1995 watafiti wa Singapore waliwachukua watu 18 wenye afya. Siku moja waliwapa aspirini miligramu 600 na maji. Siku nyingine waliwapa kwanza gramu 20 za pilipili, wakasubiri nusu saa, kisha wakawapa aspirini ile ile. Darubini ilionyesha michubuko michache zaidi pale pilipili ilipotangulia. Kapsaisini, ukali wenyewe wa pilipili, huamsha mishipa ya fahamu katika ukuta wa tumbo, nayo huongeza mtiririko wa damu.

Mwenye kiungulia pilipili inaweza kumsumbua, na akiiacha anafanya vyema. Ila kumwambia kwamba pilipili ndiyo iliyomtoboa tumbo ni kumwonea mmea.

Urukususu una kisa chake. Mwaka 1946 daktari Mholanzi, Revers, aliandika kwamba dawa ya urukususu iliyouzwa na mfamasia mmoja wa huko iliwaponya wagonjwa wa vidonda. Wagonjwa wengine walivimba miguu. Wanakemia wa Uingereza walitengeneza kutokana nao dawa iitwayo kabenoksoloni, iliyoongeza ute na kurefusha maisha ya seli za ukuta, lakini ilipandisha shinikizo la damu na kuumalizia mwili potasiamu. Ilipokuja simetidini mwaka 1976, inayopunguza asidi, kabenoksoloni ilipoteza soko. Mzee mwenye presha anayetafuna urukususu kila siku kwa ajili ya tumbo angefaa kulijua hilo. Japani ndiyo iliyobaki na mapenzi makubwa kwa dawa za kulinda ute: teprenoni ilianza miaka ya 1980 na rebamipidi mwaka 1990.

Mwizi hodari kuliko wote

Mwaka 1984, huko Perth, Australia, daktari Barry Marshall alikunywa mchuzi wa bakteria uliochukuliwa kwa mgonjwa. Siku chache baadaye alianza kutapika, na tumbo lake likakutwa limewaka. Ndivyo alivyowasadikisha waliombishia kwamba bakteria aitwaye Helicobacter pylori huleta uvimbe wa ukuta wa tumbo. Yeye na Robin Warren walipata Nobel mwaka 2005.

Namna bakteria huyu anavyopita ute ilielezwa vizuri mwaka 2009 mjini Boston. Hana nguvu za kuutoboa wavu wa musini. Anachofanya ni kuvunja yurea na kutoa amonia, na amonia hupunguza ukali wa asidi palipo jirani naye. Musini ikikosa asidi hulegea, kutoka ute mzito ikawa majimaji, naye akaogelea hadi kwenye seli. Kisha hujishika kwenye sukari zile zile za MUC5AC zilizowekwa ili zilinde.

Pemba inaingia katika rekodi hii kwa namna isiyotarajiwa. Afrika kwa jumla inahesabiwa miongoni mwa mabara yenye maambukizi mengi kuliko yote. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kisiwani kwa wajawazito na wanawake waliojifungua karibuni, na watafiti walikiri katika kichwa cha makala yao kwamba kiwango walichokikuta kilikuwa cha chini kuliko walivyotarajia. Lakini makala ya pili ya mwaka huo huo iliongeza neno zito: kwa wajawazito wa Pemba, kuwa na bakteria huyo kulihusiana na upungufu mkali wa damu.

Habari hizo mbili zinanifanya niyatazame upya maumivu ya chembe cha moyo hapa kisiwani. Kama bakteria si wengi kama tulivyodhani, basi kila mgonjwa anastahili kuulizwa pia anameza nini. Msimu wa karafuu ni msimu wa mgongo na mabega. Mtu anashinda juu ya mkarafuu tangu asubuhi, jioni anakaa kuchambua, usiku anameza diklofenaki ili kesho apande tena, pengine bila kutia kitu tumboni. Msimu ukigongana na Ramadhani, kidonge kinaweza kumezwa daku na chai peke yake. Kwa maumivu ya kawaida parasetamo haiugusi ukuta wa tumbo kwa namna hiyo, mradi mtu asizidishe kipimo kwa ajili ya ini. Anayelazimika kutumia diklofenaki siku nyingi aulizie duka la dawa au kituo cha afya kuhusu omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, ya kuandamana nayo. Mjamzito mwenye damu pungufu na maumivu ya chembe cha moyo aombe kupimwa bakteria. Kipimo cha choo kinatosha. Na yeyote anayeona choo cheusi kinachong'aa na kunata, au anayetapika damu, aende hospitali siku hiyo hiyo, karafuu abaki nayo kwa ajili ya pilau.